Kalamu ya Daktari Imetoka Wapi?

  Uwe Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, Chwele au Bungoma mjini, karibu tuketi pamoja. Na kama unasoma mazungumzo haya kijitabuni badala ya kuyasikia redioni, soma polepole, na ukiweza msomee jirani yako.

Mada yetu leo ni ile karatasi ndogo unayopewa na daktari baada ya mtoto kupimwa. Karatasi ya dawa. Tutauliza swali ambalo wengi wetu hatujawahi kuliuliza: dawa zilizoandikwa pale zilichaguliwa vipi?

Tuseme mtoto wako ana miaka miwili. Amekohoa usiku kucha, mwili una joto, na kifua kinapanda na kushuka haraka. Asubuhi umembeba, mmepanda boda boda hadi kliniki mjini. Daktari amemsikiliza kifua, amesema ni nimonia, ameandika dawa tatu. Unafika kemisti. Kijana aliye kaunta anapiga hesabu na kusema, "Mama, ni shilingi elfu moja mia tatu na hamsini."

Mkononi una mia tano.

Unafanya nini? Nitakuambia kile ambacho mama wengi hufanya, kwa sababu nimekiona mara nyingi. Huuliza, "Iliyo rahisi ni gani?" Hupewa dawa ya kikohozi, ile tamu yenye rangi, kwa kuwa ndiyo yenye bei ya chini. Basi huichukua na kwenda nyumbani. Ile antibiotiki, ambayo ndiyo peke yake ya kutibu nimonia, inabaki kwenye rafu. Ya tatu ilikuwa vitamini za kuongeza hamu ya kula.

Sasa sikiliza. Huenda antibiotiki ile ile, yenye nguvu ile ile, ilikuwa katika rafu hiyo hiyo ndani ya boksi lisilo na mapambo, kwa bei ambayo mia tano yako ingetosha na nauli ya kurudi ikabaki. Haikutajwa kwa sababu haikuandikwa. Na haikuandikwa kwa sababu ambayo tutaieleza.

Majina mawili ya dawa moja

Dawa nyingi zina majina mawili. La kwanza ni jina la dawa yenyewe, yaani kile kitu kinachotibu. La pili ni jina la biashara, ambalo kampuni imelichagua ili bidhaa yake ijulikane na kukumbukwa. Parasetamoli ni dawa. Panadol ni jina la biashara. Kampuni nyingine hutengeneza parasetamoli hiyo hiyo na kuipa majina yao.

Ni kama unga. Mahindi ya Trans Nzoia yanaweza kusagwa na kutiwa katika pakiti za rangi kumi, kila pakiti na jina lake na picha yake, lakini ukisonga ugali ni mahindi tu.

Chukua boksi lolote la dawa lililoko nyumbani kwako sasa hivi. Jina kubwa la kupendeza ni la biashara. Chini yake, kwa herufi ndogo, utaona jina la dawa yenyewe pamoja na kiasi chake kwa miligramu. Hizo herufi ndogo ndizo za kusoma.

Kampuni inayovumbua dawa mpya hupewa haki ya kuiuza peke yake kwa miaka kadhaa. Hilo si baya; utafiti hugharimu fedha nyingi, na chanjo na dawa nyingi tulizo nazo zilitoka huko. Miaka hiyo ikiisha, kampuni nyingine huruhusiwa kuitengeneza, na bei hushuka. Hapo ndipo kampuni hulazimika kupigania jina lake likumbukwe. Na wa kulikumbuka si wewe. Ni yule anayeshika kalamu.

Mgeni wa Jumatano

Mimi ni muuguzi. Miaka mingi iliyopita nilifanya kazi katika kliniki moja ndogo ya kibinafsi katika sehemu zetu hizi, na kama ilivyo katika kliniki nyingi ndogo, muuguzi pia huandika dawa.

Kila Jumatano, kabla ya saa saba mchana, alikuja mgeni. Alikuwa kijana nadhifu, viatu vyake vinang'aa hata wakati wa matope, na begi kubwa begani. Alikuwa mwakilishi wa kampuni ya dawa. Alituletea kalamu. Alituletea kalenda ya ukutani, saa ya ukutani, na mwezi wa Desemba shajara za mwaka mpya. Kila kitu kilikuwa na jina la dawa moja. Wakati mwingine alileta kuku na soda, tukala pamoja huku akitueleza uzuri wa dawa hiyo kwa dakika kumi. Alijua majina ya watoto wetu. Mama yangu alipolazwa, alikuja kumwona.

Hakuwa mtu mbaya hata kidogo, na ndiyo sababu jambo hili ni gumu. Hakuna siku aliyoniambia, "Andika dawa yangu nikupe pesa." Angesema hivyo ningemfukuza.

Siku moja mama mmoja alirudi na karatasi yangu kutoka kemisti. Akaniuliza kwa upole, "Sista, hakuna nyingine kama hii ya bei nafuu?" Nikamjibu bila kufikiri, "Hapana mama, hii ndiyo nzuri." Akaondoka. Sijui kama alinunua.

Jioni nilipokuwa nikifunga dirisha nilijiuliza nimejuaje kwamba hiyo ndiyo nzuri. Sikuwa nimesoma mahali popote kwamba nyingine ni mbaya. Kalamu niliyoandikia ilikuwa na jina hilo. Kalenda niliyotazama ili kuandika tarehe ilikuwa na jina hilo. Hata saa. Nilikuwa nimelisoma jina hilo labda mara mia kwa siku, na mama alipouliza, mdomo wangu ulilitoa.

Yule kijana naye alikuwa na mkubwa wake, na kiwango cha mauzo alichotakiwa kufikia kila mwezi. Akitoka kwetu alipita kemisti za karibu kuuliza ni karatasi ngapi zimekuja na jina la dawa yake. Kwa hiyo alijua tunachoandika kuliko tulivyojua wenyewe.

Zipo njia nyingine. Kuna dawa za kuonjesha zinazoachwa kliniki bure: mgonjwa huanza nazo, halafu za kuendelea hununua mwenyewe. Kuna mikutano ya masomo. Daktari wa Kenya hutakiwa kujisomea na kukusanya alama kila mwaka ndipo leseni yake iendelee, na masomo hugharimu pesa. Kampuni inapojitolea kulipia ukumbi, chakula na mtoa mada, ni wangapi watakataa? Na kuna kliniki ambazo mwenye kliniki ndiye mwenye kemisti, hivi kwamba kila jina ghali linaloandikwa mlango huu linalipwa mlango ule. Hilo la mwisho halihitaji hata mgeni wa Jumatano.

Je, zawadi ndogo inaweza kumbadili mtu msomi?

Madaktari wengi watakuambia hapana. Watasema, "Mimi siwezi kununuliwa kwa kalamu." Wanasema kweli wanavyojiona. Lakini watafiti wamelipima jambo hili.

Mwaka 2010 watafiti walikusanya masomo mengi yaliyokuwa yamefanywa kuhusu madaktari wanaopata habari za dawa kutoka kwa makampuni. Hawakuona dalili kwamba uandikaji wa dawa uliboreka. Mara nyingi waliona kinyume chake: dawa nyingi zaidi, bei kubwa zaidi, au uchaguzi usio mzuri. Mwaka 2016 utafiti mwingine uliwaangalia madaktari wa Marekani zaidi ya 279,000. Huko sheria inazitaka kampuni kutangaza hadharani zawadi wanazompa daktari, kwa hiyo iliwezekana kulinganisha. Daktari aliyepokea hata mlo mmoja tu, wa wastani wa chini ya dola 20, alionekana kuandika dawa ya kampuni iliyomlisha mara nyingi zaidi kuliko mwenzake ambaye hakulishwa. Utafiti huo peke yake hauthibitishi kwamba mlo ndio uliosababisha. Lakini nilipousoma nilikumbuka kuku wetu wa Jumatano.

Wakati mwingine mambo hupita mpaka wa kalamu na kuku. Mwaka 2014 mahakama ya China iliitoza kampuni ya GSK ya Uingereza faini ya yuan bilioni 3 kwa makosa ya kuhonga madaktari na hospitali ili dawa zake ziandikwe. Hiyo ilikuwa mahakama, si uvumi wa sokoni.

Tulianza kuyaona kwenye maziwa

Ukitaka kuelewa jinsi zawadi kwa wahudumu wa afya zinavyoweza kumfikia mtoto, ulizia nyanya zetu habari za maziwa ya mkebe.

Miaka ya 1970, katika nchi nyingi za Afrika na Asia, makampuni ya maziwa ya watoto yaliwatuma wanawake waliovaa mavazi meupe kama wauguzi kwenye wodi za wazazi. Walimwonyesha mama jinsi ya kukoroga maziwa ya unga na kumwachia mkebe wa bure. Hospitali zilipewa mikebe, mabango na kadi za kliniki. Mama aliona bidhaa hiyo hospitalini, mikononi mwa watu waliovaa meupe, akaamini kwamba daktari ameibariki. Alipofika nyumbani mkebe ukaisha, na maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamepungua kwa kutonyonywa. Hapo akaanza kununua. Akikosa pesa aliyakoroga mepesi ili yafike mwisho wa mwezi, na maji yakiwa ya mto, mtoto alihara.

Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu kilichoeleza mambo hayo, na kelele zikawa kubwa duniani. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuuza maziwa hayo: matangazo kwa umma yakatazwe, mama asipewe mkebe wa bure, mhudumu wa afya asipewe zawadi za kumvuta. Kenya ilitunga sheria yake kamili ya kudhibiti maziwa mbadala mwaka 2012. Ndiyo maana leo ukienda kliniki huoni bango la maziwa ya mkebe ukutani.

Tazama ilivyochukua muda: kutoka kijitabu hadi sheria yetu, miaka 38. Na hayo ni maziwa tu. Kwa upande wa dawa, Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo vya maadili ya kutangaza dawa mwaka 1988, lakini hivyo ni mwongozo, havimfungi mtu jela.

Dawa isiyohitajika

Kufikia hapa tumezungumza juu ya bei. Kuna la kuogopwa zaidi ya bei, nalo ni kuandikiwa dawa ambayo mtoto hakuihitaji tangu mwanzo.

Chukua kuhara. Mtoto anayehara anakufa kwa kuishiwa maji na chumvi mwilini. Tiba yake inajulikana, na ni rahisi sana: maji ya ORS kidogo kidogo mara kwa mara, kuendelea kunyonya na kula, na vidonge vya zinki. Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliitangaza zinki pamoja na ORS mwaka 2004. Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa miligramu 10 kwa siku, wa miezi sita kwenda juu miligramu 20, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Akiwa na damu kwenye kinyesi, apelekwe hospitalini, kwa maana huyo huhitaji antibiotiki.

Pakiti ya ORS haina faida kubwa kwa muuzaji, ndiyo maana hujawahi kuona kalenda yenye picha yake. Lakini dawa za kufunga tumbo zilitangazwa sana. Mojawapo ilikuwa matone ya loperamide yaliyouzwa kwa ajili ya watoto wachanga. Dawa hiyo hulegeza matumbo yasisukume. Kwa mtoto mdogo matumbo yanaweza kusimama kabisa na tumbo likavimba. Huko Pakistan watoto walikufa, na mwaka 1990 kampuni iliyoyatengeneza ikayaondoa matone hayo sokoni. Mpaka leo mtoto mdogo anayehara asipewe dawa ya kufunga tumbo, hata jirani akuambie ilimsaidia wake.

Kikohozi nacho ni hivyo. Mafua na kikohozi cha kawaida huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Lakini ukitaka kujua kama kikohozi kimekuwa nimonia, unaweza kuhesabu mwenyewe. Subiri mtoto atulie, mfunue kifua, tazama saa au simu, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi, au wa mwaka mmoja hadi mitano mara 40 au zaidi, hiyo ni haraka mno. Mpeleke. Wa chini ya miezi miwili, mara 60 au zaidi, mpeleke upesi zaidi. Na mbavu za chini zikibonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje kuhesabu. Nimonia ya kawaida kwa watoto hawa hutibiwa kwa amoksilini, dawa ya zamani inayotengenezwa na makampuni mengi, na ipo ya vidonge vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Kwenye pakiti utaona jina limeandikwa amoxicillin.

Mliokuwa mkinunua dawa za malaria miaka ya nyuma mnakumbuka lingine. Kenya iliamua mwaka 2004 kuachana na dawa zilizokuwa zimeshindwa na kutumia dawa mseto ya artemether na lumefantrine, na mwaka 2006 ikaanza kutolewa kwenye zahanati za serikali. Lakini zahanati zilipoishiwa, kemisti iliuza dawa hiyo kwa mamia ya shilingi. Kisha kati ya 2010 na 2012 ukaja mpango wa kimataifa wa kupunguza bei. Maboksi yakawekwa alama ya jani la kijani, na bei iliyopendekezwa Kenya ikawa shilingi 40. Maboksi hayo yalitoka kwa makampuni mbalimbali yenye majina mbalimbali. Ndani yake dawa ilikuwa ni hiyo hiyo mseto. Mama aliyejua kutazama jani hakuhangaika na jina.

Na hata hiyo ya shilingi 40 ni hasara kama homa si ya malaria. Hapa kwetu Bungoma Mashariki na Kiminini palifanyika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Wahudumu wa afya wa jamii waliwapima watu wenye homa kwa kipimo cha tone la damu, na aliyepatikana na malaria alipewa vocha ya kununua dawa mseto kwa bei nafuu dukani. Waliopimwa wakaongezeka, na dawa zikaenda zaidi kwa waliozihitaji. Nalipenda jaribio hilo kwa sababu lilianza na kipimo, si na boksi.

Uulize nini, na uulize vipi

Najua unachowaza. "Sista, mimi ni nani nimuulize daktari?" Wewe ni mama wa mtoto. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze ugonjwa, tiba zilizopo, faida, hatari na gharama. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inakupa haki ya kupata habari za bidhaa na huduma unazolipia. Lakini huhitaji kutaja sheria. Heshima inatosha.

Kabla ya kuinuka kwenye kiti, sema, "Daktari, asante. Naomba unieleze, katika hizi dawa, ipi ndiyo ya kutibu ugonjwa na ipi ni ya kusaidia tu?" Swali hilo moja ndilo lingemwokoa yule mtoto wetu wa mfano. Ukijua ya kutibu ni ipi, hata ukiwa na mia tano hutakosea cha kununua.

Kisha: "Naomba uniandikie jina la dawa yenyewe, nitafute ya bei ninayoiweza." Daktari mzuri hataona ubaya. Wengine watafurahi, maana hawajui bei za kemisti; kweli, wengi hawazijui.

Kama amekuandikia sindano au dawa nne, uliza, "Je, nikimpa hii moja tu na nikamrudisha kesho kutwa umwone, itafaa?" Na mimi nikuulize wewe pia: ni mara ngapi umetoka kliniki ukinung'unika kwamba daktari hakukupa sindano? Baadhi ya dawa zisizohitajika tunaziitisha sisi wenyewe. Makampuni hayana haja ya kumshawishi daktari ambaye tayari amebanwa na mgonjwa wake.

Ukiwa kemisti, mwulize mfamasia, "Kuna nyingine yenye dawa hii hii na miligramu hizi hizi?" Linganisha herufi ndogo. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi na kama kifuniko hakijafunguliwa. Tazama pia ukutani kama kuna leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu.

Barua na ujumbe wenu

Mama mmoja wa Chwele anauliza: dawa ya bei nafuu si ndiyo bandia? La, mama. Bandia ni iliyoghushiwa, na hata majina makubwa hughushiwa. Dawa ya bei nafuu iliyosajiliwa imekaguliwa kama nyingine. Hospitali nyingi za makanisa hapa nchini hununua dawa kupitia MEDS, shirika lililoanzishwa mwaka 1986, ambalo lina maabara yake ya kupima ubora. Nyingi ya dawa hizo huandikwa jina la dawa yenyewe tu, na zimetibu watu wetu miaka mingi.

Baba wa Matisi ana mtoto mwenye kifafa, anauliza kama anaweza kubadilisha boksi kila anapopata la bei ya chini. Hapo pole pole, baba. Kwa dawa za kifafa, usibadilishe bila kumweleza daktari wake, kwani tofauti ndogo inaweza kurudisha degedege. Akikubali, mbaki na hiyo hiyo. Na dawa yoyote ambayo mtoto ameanza, usiikatize kwa sababu ya mazungumzo yetu. Rudi uulize kwanza.

Nyanya wa Kamukuywa, ambaye wajukuu wake wanamwita kukhu, anasema mjukuu hawezi kunyonya na anatapika kila kitu, na yeye hana pesa ya kununua hata moja ya dawa alizoandikiwa. Kukhu, karatasi hiyo iweke pembeni. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, hahitaji kemisti. Anahitaji kulazwa leo. Mwite mhamasishaji wa afya wa jamii wa kijiji chako akuandikie rufaa, na kama hapatikani, nenda moja kwa moja kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Usingoje pesa zipatikane.

Na kuna ujumbe kutoka kwa mtu aliyesema yeye ni daktari wa kliniki, hakutaja wapi. Anauliza yule mgeni wa Jumatano tulimfanyaje. Tulikubaliana kumsikiliza siku moja kwa mwezi, bila chakula, na kila dawa aliyoileta tukaitafuta kwanza katika orodha ya taifa ya dawa muhimu kabla ya kuiandika. Kalenda tuliiondoa. Saa ilibaki, kwa kuwa hatukuwa na nyingine, lakini tulibandika karatasi juu ya lile jina.